Faki wa Mwatima na Upanga wa Kumenyea Papai

Kaeni vizuri, na mwenye kula aweke sahani chini, kwa sababu habari hii ina harufu na mimi sina desturi ya kuipaka marashi.

Zamani za mababu wa mababu, kabla mji huu haujaitwa Kisimani kwa Faki, kabla hata mmoja wenu hajapata pa kuringia, palikuwa hapa na mji uitwao Makutwe, na katika Makutwe alizaliwa Faki mwana wa Ngwali, Ngwali mwana wa Mcha, Mcha mwana wa yule aliyekuja na mundu kiunoni akalifyeka pori hili peke yake huku wenziwe wakimsifia kutoka kivulini. Huyo ndiye Faki Mkono Mwepesi, Faki Asiyeonekana Akichomoa, mkata mgomba usianguke, mwana wa Mwatima. Mimi shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha, lakini nasaba hii naijua kuliko mnavyoyajua majina ya wakwe zenu. Asinisahihishe mtu.

Makutwe ulikuwa mji wa panga. Kila mwanamume mwenye ndevu alikuwa na upanga, wengine wa makali mawili ulionyooka kama neno la kweli, wengine kitara kilichopinda kama mwezi mchanga, na hakuna aliyekwenda popote, hata chooni, bila kuufunga kiunoni. Mtu akiona amevunjiwa heshima alivua kubadhi lake la mguu wa kushoto akaliweka mbele ya mkosaji, na kubadhi likishagusa ardhi hapakuwa na radhi wala samahani. Wawili hao walikwenda uwanjani wakakatana mpaka damu imwagike, na mji mzima ukienda kutazama, watoto wakiwa mabegani. Na heshima yenyewe ilivunjwa na nini? Mmoja alivuliwa kubadhi kwa kumtangulia mwenziwe mlangoni. Mwingine alikatwa sikio kwa sababu alimcheka jogoo wa jirani. Ndugu wawili, tumbo moja, walitoana matumbo kwa kugombea shingo ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe akaliwa na paka wakati watu wako mazikoni. Hao ndio mababu mnaowatungia nyimbo.

Lakini hilo si baya. Baya ni hili.

Aliyeshinda hakuufuta upanga wake. Aliurudisha alani na damu yake mbichi, akaitundika ala juu ya mlango wa nyumba, na hapo ikakaa. Damu ikashuka, ikaganda, ikatoka nje kwenye mdomo wa ala ikawa uvimbe mweusi kama ugaga wa mguu, na uvimbe ule waliuita gamba. Mwenye gamba nene ndiye aliyeketi mbele, aliyekula kwanza, aliyesema watu wakanyamaza, aliyeoa alikotaka. Mwenye gamba ndiye aliyeruhusiwa kuwa na kisima. Asiye na gamba aliomba maji kwa jirani na ndoo mkononi kama mhitaji. Na mgeni akifika nyumbani, kabla hajapewa hata mkeka, alinyanyuliwa mikono akashikishwa ala, akatakiwa aweke pua pale mdomoni avute pumzi, kisha aseme, “Hii nyumba ina wanaume.” Akikohoa, amevunja heshima. Akitapika, kubadhi. Nzi wa mji ule walikuwa wanene hata hawaruki, wanatembea. Nikiyafikiria hayo mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Basi katika hao wenye magamba alikuwako mmoja, Mwinyi Sururu, mtu wa kimo na sauti, mwenye mikono iliyofika magotini, na gamba lake lilikuwa kubwa hata ala ilitundikwa kwa minyororo. Ngwali, baba yake Faki, alikuwa na kisima kilichochimbwa na Mcha, maji yake matamu, na siku moja Sururu alikuta mtumishi wake amesimama nyuma ya foleni kisimani pale badala ya kutangulia. Kwa kosa hilo akavua kubadhi. Walipigana asubuhi moja, na watu wa panga wanaojua watakwambia kwamba Ngwali alikuwa fundi kumzidi, alikinga kila dhoruba, akarudi nyuma kwa hesabu, akamchosha. Ila mwishoni ncha ya upanga wa Sururu ilimgusa mkononi ikamwachia mkwaruzo ambao hata paka angeuonea haya. Damu imetoka, mchezo umekwisha, Sururu kashinda. Akaurudisha upanga alani na damu ya Ngwali.

Mkwaruzo ule haukupona. Upanga ulikuwa umelala ndani ya uozo wa watu wengine miaka yote, na uozo huo ulihamia kwa Ngwali. Mkono ukavimba, ukawa wa kijani, ukawa mweusi, ukaanza kunuka yeye akiwa anazungumza. Wanaume wenziwe walikuja kumtazama, wakaziba pua kwa vilemba, wakasema amekufa kiume. Mkewe Mwatima ndiye aliyekaa naye chumbani akikamua usaha na kuokota funza kwa kijiti, mpaka akafa. Kufa kiume, hebu nitokeeni. Alikufa kama ndizi iliyosahauliwa kapuni.

Mwatima alipotoka edani alifanya jambo ambalo Makutwe hawakupata kulisikia. Aliishusha ala ya mumewe, iliyokuwa na gamba la tangu enzi za Mcha, akaipasua kwa shoka, akautumbukiza upanga kwenye maji ya moto, akausugua kwa jivu na mchanga na maganda ya ndimu mpaka uso wake ukaonekana ndani. Kisha akakata papai kwa upanga huo, akala, akamlisha na mwanawe Faki. Majirani walipoona walisema mwanamke ameingiwa na wazimu, ameiosha heshima ya nyumba kwa ndimu. Yeye akawaambia neno ambalo tunalisema mpaka leo: “Upanga usiofaa kumenyea papai haufai kumgusa mtu.”

Faki akakulia kwenye nyumba hiyo isiyo na gamba. Wenziwe walimwita Jikoni. Walimwuliza kama upanga wake unakata na vitunguu, na yeye, kwa kuwa alikuwa na mdomo kama wangu, aliwajibu kwamba unakata hata ndimi za wanaonuka, wasogee tu karibu. Lakini hakuishia mdomoni. Kila alfajiri alikuwa shambani anapigana na migomba, na mkono wake ukawa mwepesi hata akiupiga mgomba unabaki umesimama, haujui kama umekatwa, mpaka upepo upite uuambie. Aliliondoa papai juu ya mti bila kutikisa jani. Na nyati dume alipoingia mashambani akawapandisha wenye magamba juu ya mapaa pamoja na minyororo yao, Faki ndiye aliyemwendea peke yake, akamngoja mpaka akasikia joto la pumzi yake, akampiga dhoruba moja ya shingo na kichwa kikatangulia mbele ya mwili. Watu wakashuka mapaani wakimshangilia, wakangoja aurudishe upanga alani na damu ile tukufu, gamba la nyati, nani ameshawahi? Faki akauchukua kisimani akauosha. Wakamzomea. Wangalikuwa bado juu ya mapaa lau si yeye, lakini walimzomea.

Sheria ya Makutwe ilimwacha mjane na kisima chake maadamu mwanawe hajaota ndevu. Ndevu za Faki zilipojaa, Mwinyi Sururu alikuja mlangoni kwa Mwatima akiwa na wazee nyuma yake. Alisema kwa upole, kama anayetoa zawadi, kwamba nyumba hii haina gamba, kwa hiyo haina kisima, na kwamba yeye kama jirani mwema atakichukua akitunze. Mwatima na mwanawe hawatakatazwa kuchota, ila watakuja kwake na ndoo, wasubiri kama watu wote, wanuse ala, waseme lile neno.

Mwatima aligeuka akakitazama kisima. Kunusa ala ile, ambamo ndani yake imekauka damu ya mumewe, na kusema nyumba hii ina wanaume, kila siku ya Mungu, kwa ndoo moja ya maji.

Faki akavua kubadhi la kushoto akaliweka mbele ya Sururu, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni chai.

“Ami,” akamwambia, “njoo na upanga wako. Wako wewe, usiazime.”

Siku ya pili jua lilipopanda mji wote ulikuwa uwanjani. Sururu alikuja na ala yake imebebwa na watu wawili kwa heshima, na nzi wakiifuata kama maharusi. Faki alikuja amefunga shuka nyeupe, upanga kiunoni na papai mkononi, na mama yake nyuma yake. Mshika uwanja akatangaza ugomvi ni kisima, na damu ya kwanza ndiyo hukumu, kisha akawaambia wachomoe.

Faki alichomoa, hakuna aliyeona. Upanga ulikuwa umo, ukawa nje.

Sururu akashika mpini akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, akaweka mguu kwenye ala, akavuta. Mishipa ya shingo ikamtoka, upanga haukumtoka. Akacheka kidogo akasema una hasira, unamngoja adui asogee. Akavuta. Waliombebea wakaja kumsaidia, mmoja akashika ala, mwingine akamshika Sururu kiuno, wakawa wanavutana kama watu wanaomtoa ng'ombe topeni, na kwa kila mvuto gamba likipasuka kidogo harufu ilitoka, si ya kuelezwa. Mstari wa mbele wa watazamaji ukawa mstari wa nyuma. Mzee mmoja alitapika kwenye kilemba cha mwenziwe, na mwenziwe akasahau kumvulia kubadhi.

Faki alikuwa ameketi chini anamenya papai kwa upanga wake. Ganda lilitoka jembamba, refu, halikukatika. Akakata kipande akala, akampa mama yake akala.

“Mimi wangu naulamba,” alisema. “Wako, ami, ataulamba nani?”

Kisha akawageukia wazee akawaomba wamkopeshe mwenzao, akasema ameondoa lile sharti la kutoazima, yuko tayari kupigana na upanga wowote, bora uchomoke. Hapo ndipo aibu ya Makutwe ilipovuliwa nguo. Wazee walishika mipini yao, mmoja baada ya mwingine, wakavuta. Hakuna uliotoka. Tangu alipokufa Ngwali watu walikuwa wameogopa, mnaelewa? Makubadhi yaliwekwa chini, wazee wakapatanisha nyuma ya nyumba, na wagomvi wakarudi nyumbani wakapaka midomo ya ala zao. Mpini mmoja ulipovutwa gamba lilibanduka lote likaanguka, na ndani yake mlikuwa na unyoya wa kuku. Mtoto akauokota akaunyanyua juu. Hao ndio waliokuwa wanaketi mbele na kula kwanza, kwa damu ya kitoweo na panga ambazo wenyewe hawajaziona tangu alipokufa Ngwali.

Mji ulicheka. Mimi ningelia. Kucheka na kutapika kwa pamoja ni kazi, lakini waliiweza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shujaa wetu alipokosea, na ni kosa la mtu anayejua kuwa anatazamwa. Angaliweza kumgusa Sururu bega kwa ncha akaenda zake na kisima chake. Lakini watu wanacheka, jua limetulia, jina lake linaitwa kila upande. Akauweka upanga wake chini, akamwendea Sururu kwa madaha, akaishika ile ala kwa mikono miwili.

“Vuta, ami,” akasema. “Mimi nashikilia.”

Sururu akavuta kwa hasira ya maisha yake yote. Ala ikapasuka. Upanga ukatoka nusu, nusu ikabaki, kwa sababu katikati kutu ilikuwa imeshaula, na kipande kile kilichotoka kilimrukia Sururu kikamchana vidole vyote vya mkono wa kulia. Likamwagika chini tope jeusi lenye vidudu. Damu ya Sururu ikadondoka juu yake, na mshika uwanja, ameziba pua, akatangaza kwamba damu ya kwanza ni ya Sururu na kisima ni cha Mwatima.

Mwatima alikuwa ameinama analitazama tope jingine lililokauka kwenye mpini.

“Hii ni damu ya Ngwali,” akasema. “Ndiyo iliyomshika Sururu mkono.”

Kisha akamkamata Sururu, muuaji wa mumewe, akamburura kisimani kama mtoto aliyechafuka, akamwosha vidole kimoja kimoja kwa maji moto na chumvi na ndimu, na Sururu akalia kwa sauti mbele ya mji mzima. Hakumwosha kwa huruma. Alimwosha kwa sababu hakutaka kuisikia harufu ile tena puani mwake, hata kwa adui.

Na Faki? Ala ilipopasuka, kibanzi chake kilikuwa kimempita kiganjani. Mkwaruzo mdogo, mdogo kabisa. Watu walikuwa wanamnyanyua mabegani, wanamwita nyati wa Mwatima, radi iliyooshwa, bwana wa kisima. Utamwonyesha nani mkwaruzo wakati ule? Alifumba kiganja.

Akiwa mabegani vilevile walimpeleka mpaka ukingoni mwa kisima, wakamtaka aseme, naye akasema, na huo ndio msingi wa mji huu. Alisema kuanzia siku ile ala yenye gamba haitatundikwa juu ya mlango wa mtu. Alisema kisima ni cha mwenye kiu. Alisema atakayemvulia mwenziwe kubadhi, wote wawili waje kwanza kisimani na panga zao, waoshe kwa jivu na mchanga na ndimu, kila mmoja aoshe wa mwenziwe, mpaka mama zao waridhike. Wakimaliza, kama bado wanataka kukatana, wakatane. Mnajua wenyewe kwamba tangu hapo hapajapata kutokea ambao walimaliza wakiwa bado wanataka. Ukisugua kutu ya babu wa mtu tangu asubuhi, mgongo unauma, nzi wamekuingia masikioni, utamchukia babu yake na babu yako pia, na mwenzako utamwomba tu akupokee brashi.

Basi ala zote za mji zikaletwa. Wenyewe walizitupa wakakimbia, hawakuweza kuugusa uchafu wao walioufuga juu ya vichwa vyao. Faki aliingia mwenyewe. Alizipasua, akazing'oa panga, akaingiza mikono hadi viwikoni kwenye maji yale meusi, akasugua, usiku na mchana, akiimba na kuwatania wenyewe, huyu wa kuku, huyu wa mbuzi, huyu hata sijui wa nini, na kila aliyepita alimsifu na yeye akazidi kusugua. Mama yake akimwambia apumzike, alimwonyesha upanga uliong'aa. Akimwambia ale, alikula kwa mkono wa kushoto. Kiganja kilibaki kimefumbwa kwenye kitambaa cha kusugulia.

Alimaliza upanga wa mwisho, akaulaza juu ya zingine, na rundo lile liliwaka juani hata watu wa mji wa pili walidhani Makutwe panaungua. Akaja ndani akaketi karibu na mama yake.

Mwatima aliacha alichokuwa anafanya. Alikuwa anaijua harufu ile. Angeijua hata angekuwa amekufa.

“Fungua mkono,” akamwambia.

Faki akatabasamu, akasema si kitu, mama, ni mkwaruzo.

“Fungua.”

Akafungua. Mwatima alikitazama kiganja, kisha mstari mweusi uliopanda mkononi mpaka kwapani.

“Umeosha panga za mji mzima, mwanangu,” akasema.

Akamwosha. Alimwosha alivyomwosha baba yake na alivyomwosha Sururu, kwa chumvi na moto, lakini uozo ulikuwa umemtangulia kwa siku zote zile alizokuwa anaficha. Sururu alikuja na mkono wake uliopona, una makovu lakini mzima, akaketi kizingitini akashika bakuli la maji, na hakunyanyuka hapo. Nyati wa Mwatima, mkata mgomba usianguke, alikufa kwa kitu kisichofika urefu wa ukucha, na akili yake ikiwa timamu, na kabla ya kufa aliwaita wazee akawaachia neno moja tu: “Mtu akija kwenu na upanga, msimtazame upanga. Mtazameni mikono.”

Walimzika karibu na kisima, na Makutwe ikafa siku hiyohiyo kwa jina. Sururu aliishi mpaka akaota mvi za nyusi, na kazi yake ilikuwa kuwachotea maji watu waliokuja kuosha panga zao.

Ndiyo maana huku kwetu, hata sasa ambapo panga zenyewe ni za kukatia majani, bwana harusi haingii ndani kwa kitarumbeta chake na suti yake ya kukodi. Anaketishwa chini mbele ya mama mkwe, anapewa upanga, jivu na ndimu, anausugua mpaka kwapa zinalowa, halafu anammenyea papai. Na mama mkwe hali. Papai limekatwa vizuri, limewekwa kwenye sinia, watu wana njaa, pilau inapoa, na yeye amekaa tu, hali. Vijana wa mjini hudhani anataka pesa. Hataki pesa. Anangoja ngoma zinyamaze, kisha anasema lile neno la Mwatima, “Fungua mkono,” na mwanamume, awe baunsa, awe bondia, anafungua viganja vyote viwili na kuvigeuza juu na chini, na bibi yule anavishika, anavisogeza puani, ananusa polepole.

Hata wewe uliyeketi nyuma unayenicheka. Wewe hasa. Osha mapema.